Tupeane uzoefu: skripti inapodai kwamba faili la kivinjari halipo

Ndugu wanajukwaa, naomba tukusanye visa vyetu kuhusu skripti za Python zinazotakiwa kufungua kivinjari zikaishia kutoa FileNotFoundError (hitilafu ya Python inayosema faili au programu haikupatikana).

Naanza na changu. Kwenye Windows nilikuwa nikiipa subprocess.Popen (amri ya Python ya kuanzisha programu nyingine) jina la programu na anwani katika maandishi mamoja, "firefox http://localhost:8000", na kwa kuwa folda ya Firefox nilikwisha kuiongeza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu), kazi ilikwenda vizuri kwa miezi. Nilipoihamishia skripti hiyo Linux, ikagoma. Jioni nzima nilisakinisha Firefox upya, ilhali jibu lilikuwa mwishoni mwa ujumbe wenyewe: No such file or directory: 'firefox http://localhost:8000'. Alama za nukuu zilikuwa zimefunga jina na anwani pamoja, yaani mfumo ulikuwa ukitafuta programu moja yenye jina hilo refu. Nilivitenganisha kwa orodha, ["firefox", anwani], kivinjari kikafunguka.

Mchangiaji wa 1: Ahsante, mkuu. Mimi nilisumbuliwa na cron (huduma ya kuendesha kazi kwa ratiba) kwenye Ubuntu, aina ya Linux. Skripti yangu ya kupiga picha ya ukurasa kila alfajiri ilikubali nilipoiendesha mwenyewe kwenye terminali, lakini cron ikisema chromium haipo. Chromium hiyo, ambayo ni kivinjari, ilitoka snap (mfumo wa Ubuntu wa kusakinisha programu), kwa hiyo imekaa /snap/bin, wakati cron ya mtumiaji hutafuta ndani ya /usr/bin na /bin pekee. Niliandika njia kamili, /snap/bin/chromium, na siku hizi naanza na shutil.which, ambayo hutafuta ilipo programu na hurudisha None isipopatikana.

Mchangiaji wa 2: Nawasihi sana msiifiche hitilafu hii kwa except tupu, yaani sehemu ya try inayonasa kila hitilafu bila kuitaja. Ofisini kwetu wenzetu wa uhasibu walikuwa wakibonyeza kitufe cha ripoti mara tatu, mara nne, wasione chochote, wakadhani wamekosea wao. Sasa tunanasa FileNotFoundError peke yake, kisha tunawaonyesha anwani ya ripoti ili waifungue kwa mkono. Wanaotumia webbrowser.open (amri ya Python ya kufungua anwani kwenye kivinjari) waangalie pia thamani inayorudishwa, kwa sababu kivinjari kisipopatikana hupati FileNotFoundError, bali False, na try yako haitakamata kitu.

Mwanzisha mada: Hilo la False sikuwa nimelizingatia, leo hii nazipitia skripti zangu zote. Wengine karibuni, hasa mnaotumia macOS.