Tupeane uzoefu: vifaranga wamezubaa, wanahara, wanakufa. Unaanza kuangalia wapi?

Wakuu, weka dalili, chanzo na hatua. Naanza na umri, maana unafuta nusu ya maswali. Anayekufa siku ya pili hajauawa na koksidia. Vimelea hivyo havijapata muda wa kuzaliana kwenye utumbo. Wiki ya kwanza shuku joto, maji na kitovu. Kuanzia ya tatu, shuku koksidia na Gumboro, ugonjwa wa virusi.

*

Joto kwanza, dawa baadaye. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Pima usawa wa mgongo wa kifaranga. Kipimajoto cha ukutani kinakudanganya. Wakirundikana chini ya taa wakilia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, mabawa yamelegea, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja tu, tafuta upepo unapopenyea.

Papasa pia gole, kile kifuko cha chini ya shingo. Saa 24 baada ya kuwaingiza bandani, karibu wote wawe nalo limejaa, laini kama uji mzito. Likiwa gumu, amekula hajanywa.

*

Kinyesi kikigandia njia ya haja, usivute kikavu. Ngozi huchanika, na wenzake wakiona damu watamdonoa mpaka afe. Lowesha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, futa, kausha kabisa, ndipo umrudishe. Wakigandiwa wengi kwa mpigo, soma tena mchango uliotangulia.

Angalizo: kigaga kidogo cheusi tumboni, mbele ya njia ya haja, ni kitovu. Kiache! Kitovu kilicho wazi, kimelowa na kinanuka, tumbo limevimba, huyo mtenge. Mara nyingi haponi, na kosa lilishafanyika kwenye utotoleshaji: mayai machafu au mashine isiyosafishwa.

*

Koksidia ndiyo inayomaliza pesa za watu kwa dawa zisizohusika. Dalili: manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu, kinyesi cha rangi ya kahawia au chenye damu. Mayai ya vimelea yanayotoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji unyevu, hewa na joto, na kwa siku moja au mbili yanakuwa tayari. Ndiyo maana ugonjwa huanzia penye chombo cha maji kinachovuja. Finyanga maranda ya hapo kiganjani: yakibaki donge, yameshalowa mno. Yatoe, weka makavu, inua chombo kifike usawa wa mgongo wao.

Dawa ni amproliamu kwenye maji, kipimo cha pakiti, kwa sababu nguvu ya unga hutofautiana. Maji mengine yote yaondolewe. Siku hizo usichanganye vitamini yenye B1: dawa inafanya kazi kwa kumnyima kimelea B1, wewe unamrudishia. Vitamini zije dozi ikiisha.

*

Mkuu hapo juu yuko sawa, ila kuhara si koksidia siku zote. Gumboro huleta uharo mweupe wa majimaji, wanajidonoa njia ya haja, na vifo hupanda ghafla kisha kushuka ndani ya wiki. Ni virusi, haina tiba. Chanjo tu, kama mdondo (kideri). Na chanjo ya maji huharibikia kwenye ndoo: klorini inaiua. Tumia maji yasiyo na klorini, weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, wanyime maji saa moja hadi mbili kabla, waimalize ndani ya saa mbili.

*

Ukishindwa kutofautisha, mpelekee daktari wa mifugo waliokufa muda huo huo pamoja na mgonjwa aliye hai. Mizoga iwe kwenye barafu ndani ya mfuko usiovuja. Usiigandishe, itaharibu vipimo. Na umwambie dawa zote ulizokwisha kuwapa, hata zile unazoona aibu kuzitaja.