Pikapu ya Land Cruiser ya 1HZ inakosa nguvu mlimani: nifunge turbo, nibadili difu au nibadili injini?

Mkinga79
Wakuu, salaam. Nina pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo. Kwenye barabara ya tambarare sina malalamiko, lakini mizunguko ya injini ikishuka chini ya 1,800 kwa dakika gari linakuwa zito kiasi kwamba mlimani narudi gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, na nikishafika hapo siwezi kupandisha gia hadi mlima uishe. Nimeuliza mafundi watatu na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka kufunga turbo, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, juu ya injini hii hii, wa pili anasema nitoe difu za 4.11 niweke za 4.88 (shafti izunguke mara 4.88 badala ya 4.11 kwa kila mzunguko wa gurudumu), na wa tatu ana injini ya 1HD-T ya mtumba ambayo anadai itaingia bila kukata chochote. Fedha ninayo ya jambo moja tu, na nataka kuamua kabla ya msimu wa viazi. Mngekuwa ninyi mngefanya lipi?

FundiNozeli
Mkuu, umeeleza ugonjwa ukamficha mgonjwa. Unabeba kilo ngapi? Unatembea wapi? Moshi una rangi gani unapopanda? Pampu ya dizeli na nozeli zake zilipimwa lini mara ya mwisho kwenye mashine? Tairi ni zile za kiwandani, 7.50R16, au umebadili? Bila majibu hayo, kila atakayekushauri atakuuzia alichonacho dukani.

Mkinga79
Natembea kati ya Makete, Njombe na Makambako. Mzigo ni wa kawaida. Moshi ni mweusi nikikanyaga sana. Pampu iko sawa.

Babu_wa_TANZAM
Kijana, mimi nilifunga turbo kwenye 1HZ, na nitakueleza yaliyonipata ili uamue ukiwa na macho. Fundi aliyenifungia alikuwa na sifa nzuri mjini, na kazi ya vyuma aliifanya vizuri, sina neno. Siku ya kwanza nilijiona nimenunua gari jipya, kwa sababu gia ya tatu ilipanda mahali ambapo zamani nilihitaji ya pili. Tamaa ikaniingia. Nikamrudia baada ya wiki mbili nikamwomba aongeze mafuta kwenye pampu, naye akazungusha skrubu kwa kusikiliza mlio tu, bila kipimo cha joto la moshi, bila interkula ya kupoza hewa ya turbo, bila chochote cha kuniambia kwamba ndani kunaungua. Nilienda hivyo miezi minne. Siku moja napanda mlima wa Kitonga nimebeba saruji, nyuma yangu kuna foleni ya malori, nikaona heri nisipunguze mwendo. Nusu ya mlima nikasikia mlio kama mtu anayegonga sufuria, na kioo cha nyuma kikajaa moshi wa buluu. Pistoni ya silinda ya tano ilikuwa imepasuka na ukuta wa silinda umechimbika. Nililala pale pale na saruji yangu, usiku ukanyesha, na mifuko kumi na mmoja ikageuka mawe. Injini ya 1HZ imetoka kiwandani na mgandamizo wa 22.4 kwa 1 na pistoni za injini isiyo na turbo. Ukiisukumia hewa na mafuta bila kipimo, unaikopa nguvu, na siku ya kudai haikutumii barua.

Mhandisi_Nakuru
Mzee, shikamoo, na pole kwa saruji. Hata hivyo, naona kilichoua injini yako ni mafuta yaliyozidi, wala si turbo yenyewe. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama Njombe, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo ile nguvu ya kuvuta ya nyutonimita 285 ambayo kiwanda kinaitaja kwenye mizunguko 2,200 mwenzetu haipati hata siku moja. Moshi mweusi unasema hivyo hivyo: mafuta yapo, hewa haipo. Difu haiongezi hewa. Turbo ndogo inayoamka mapema, iliyofungiwa kwenye shinikizo la baa 0.5, pamoja na kipimo cha joto la moshi kabla ya turbo na dereva anayeachia pedali kabla halijafika nyuzi 700, inamrudishia alichonyang'anywa na mlima.

Babu_wa_TANZAM
Marahaba. Huyo dereva anayeachia pedali katikati ya mlima na mzigo wa mtu mgongoni, ukimpata niletee nimwajiri.

Kolwezi_4x4
Sisi huku Katanga hatubishani sana juu ya jambo hili. 1HZ ichezewe na wenye muda. 1HD-T ina ujazo ule ule wa lita 4.2, lakini ilizaliwa na turbo, inamwaga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake uko chini, kwenye 18.6. Ndugu, chukua injini ya fundi wa tatu, ila kabla ya kulipa fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) utazame bearing za mikono ya pistoni, kwa maana 1HD-T za mwanzo zinafahamika kwa kula bearing hizo. Muuzaji akikataa usifungue, huo ndio ukaguzi wenyewe.

FundiNozeli
Kauli ya "bila kukata chochote" nimeisikia mara nyingi, na kila mara ilifuatwa na kukatwa kitu. Klachi itahitaji kuangaliwa, bomba la moshi litatengenezwa upya, na kadi ya gari itataka namba mpya ya injini. Mkinga, bado hujajibu kuhusu tairi, na "pampu iko sawa" ni maoni, si kipimo. Fanya jambo moja la bure: mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, wewe fungua boneti utazame kama mkono wa pampu unagusa skrubu yake ya mwisho. Nimeona waya uliolegea, na mara moja zulia nene, vikimnyima mtu robo ya mafuta kwa miaka.

MamaViazi
Mimi nimefanya la difu, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Kutoka 4.11 kwenda 4.88 unapata karibu asilimia 19 zaidi ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, na injini haijui kama kuna kitu kimebadilika. Hasara yake ni kwamba mwendo uliokuwa ukiupata kwa mizunguko 2,500 sasa unautafuta kwa karibu 2,970, na safari ya lami ndefu inachosha masikio. La muhimu zaidi, usikubali kubadilishiwa ya nyuma peke yake. Mbele na nyuma zikitofautiana, siku utakapoweka gia ya magurudumu manne, kitu kitavunjika. Tena, kaka yangu, "mzigo wa kawaida" kwa watu wa viazi naujua. Ni magunia mangapi, na ni lumbesa au si lumbesa?

Mkinga79
Kumi na sita hadi kumi na nane. Lumbesa.

MamaViazi
Basi hizo ni tani mbili kwenye gari la tani moja. Unataka Fuso, mdogo wangu.

Mhandisi_Nakuru
Kama mahabu ya mbele (vifungio vya magurudumu na ekseli) ni ya kufungua kwa mkono, anaweza kuyaacha wazi na kuweka 4L, ile gia ndogo ya magurudumu manne, ambapo nguvu yote itaenda nyuma tu na magurudumu hayatakabana kwenye lami. Haigharimu kitu.

Babu_wa_TANZAM
Itagharimu ekseli. Gia ndogo inazidisha nguvu inayofika kwenye difu, na iliundwa igawanywe kwa ekseli mbili. Kwa tani mbili nyuma, atabaki njiani kama mimi, tofauti itakuwa kwenye bidhaa tu.

Mhandisi_Nakuru
Kwa mtu anayeachia klachi taratibu sioni hatari hiyo.

Mkinga79
Nimefanya jaribio la pedali. Mkono wa pampu ulibaki na nafasi ya kama kidole kimoja, nimekaza waya na kuna tofauti ndogo. Kuhusu tairi, nilidhani halina uhusiano, ndiyo maana sikuandika. Niliweka 315/75R16 mwaka jana ili gari liinuke kwenye matope.

FundiNozeli
Sasa tumefika. Tairi hizo zina kipenyo cha kama sentimita 88, na za kiwandani ni kama 81. Umerefusha gia zote kwa karibu asilimia 9, ni kana kwamba ulitoa difu za 4.11 ukaweka za 3.78, kisha ukapanda nazo Makete na lumbesa kumi na nane. Rudisha 7.50R16, upeleke pampu na nozeli zikapimwe, ndipo uulize tena habari za turbo.

Kolwezi_4x4
Au aache tairi aweke 1HD-T. Matope hayajaondoka.

Mkinga79
Tairi ni mpya kabisa, naumia kuzitoa. Nikiweka difu za 4.88 na kubaki na tairi hizi, si nitakuwa juu kidogo ya nilipoanzia?

MamaViazi
Utakuwa kama mwenye 4.5 hivi kwa tairi za kiwandani. Si haba, ila mzigo ni ule ule.

Babu_wa_TANZAM
Mkinga, rimu zako za zamani za 7.50 bado unazo? Kama hutazirudisha, natafuta nne.