Mama ameteleza kidogo tu, mkono umevunjika. Naomba ushauri

Binti wa Pangani: Wakuu, habari za majukumu. Mama yangu ana miaka 71. Wiki tatu zilizopita aliteleza kizingitini, akajikinga kwa kiganja, mkono ukavunjika. Kafungwa hogo, tukaambiwa turudi likitolewa, basi. Kinachoninyima usingizi: tangu alipoinua ndoo mwezi wa pili mgongo unamuuma, na magauni yaliyoishia kifundoni sasa yanaburuta. Anameza prednisolone ya pumu miaka mingi. Kaka yangu anasema ni uzee. Nianzie wapi?

Nesi Mstaafu: Pole sana mwanangu. Uzee peke yake hauvunji mkono. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe akavunjika, shuku osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi. Na gauni kuburuta maana yake kimo kimepungua, huenda pingili za uti wa mgongo zimebonyea. Ombeni eksirei ya mgongo. Kipimo chenyewe cha mifupa ni DEXA, eksirei maalumu ya kupima uimara wa mifupa. Jibu lake (T-score, yaani mifupa yake ikilinganishwa na ya kijana mwenye afya) likiwa -2.5 au chini zaidi, ndiyo ugonjwa. Kukipata ni shida, lakini pingili ikionekana imebonyea daktari anaweza kuanza tiba bila hicho. Prednisolone inadhoofisha mifupa, mtajieni daktari. Ila nakusihi, msiikatishe ghafla wenyewe, ni hatari kubwa.

Mzee Komba: Mke wangu anatumia alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, 70 mg mara moja kwa wiki. Ni alfajiri, tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha anakaa wima nusu saa kabla ya chai. Siku ya kwanza alirudi kulala, kifua kikamwungua vibaya. Mama naye akipewa dawa hiyo, apimwe figo kwanza, na kama ana jino bovu litibiwe kabla hajaanza.

Binti wa Pangani: Asanteni. Nimemnunulia vidonge vya kalsiamu, havitoshi?

Nesi Mstaafu: Vinasaidia, lakini peke yake haviwezi kazi hiyo. Anahitaji kama miligramu 1200 kwa siku pamoja na ya chakulani: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Vitamini D pia. Kubwa zaidi asianguke tena, maana nyonga ikivunjika wengi hawarudi kutembea kama zamani. Ondoa mikeka inayoteleza, weka taa njia ya chooni, ndala zilizolika tupa, macho yapimwe.

Binti wa Pangani: Mrejesho: eksirei imeonyesha pingili mbili zimebonyea. Figo ziko sawa, ameanza dawa. Taa ya njia ya chooni kaifunga kaka mwenyewe jana.