Tupeane uzoefu: kiangazi kimekufanyia nini shambani, kwenye ukoka na kwenye miti yako?

Mkazi wa Goba

Habari zenu wakuu. Hapa Goba, Dar, joto la Februari limepamba moto, vuli ilituaga mapema na masika bado. Kinachonisukuma kufungua uzi huu ni kwamba mtaani kwetu watu wanang'oa vitu vilivyo hai. Jirani kaleta vijana wakakata mwembe mchanga, wakakwangua na ukoka wote apate kumwaga kokoto, eti vimeshakufa. Nilipita pale baada ya kazi, nikaokota tawi la ule mwembe na kulikwangua kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, pana majimaji kabisa. Imeniuma sana.

Wakuu, kabla hujaita panga, anza na kijitawi chembamba, kikwangue. Kikiwa kikavu na rangi ya kahawia, shuka kwenye tawi nene, kisha shina lenyewe. Popote utakapokuta kijani, huo mti uache mpaka masika yapite. Ukoka nao uvute kwa mkono: ukigoma kutoka na vitako vyake viko vyeupe au kijani, umelala tu. Majani juu ni makavu lakini vishina vinavyotambaa chini ya udongo vinasubiri maji.

Mjini hapa wengi tumetoka mikoani, na kila mkoa una kiangazi chake. Sisi Pwani tunapata vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei, kwa hiyo ukavu unatupiga mara mbili kwa vipande. Dodoma na Singida mvua ni ya msimu mmoja, ikikata mwezi wa nne au wa tano ndiyo basi mpaka mwisho wa mwaka. Naomba tusimuliane: nini kilikauka, nini kilirudi, na mlikisaidiaje.

Mama Matembele

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi nalima mboga bonde la Mpiji. Kiangazi mchicha unakimbilia kutoa mbegu ungali mfupi, majani yanakuwa madogo na magumu, mteja akishika fungu analirudisha. Chainizi ndiyo usiseme, vidukari vinajaa chini ya jani hasa kipindi hiki cha ukavu. Kinachoniokoa ni matembele. Yakishika udongo yanatambaa, yanafunika tuta lake yenyewe, na chini pale hata saa nane mchana ukipeleka mkono unakuta ubaridi.

Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua mpaka Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, huku mabondeni nako vidimbwi vilikuwa vimekauka. Niliacha chainizi ife, maji kidogo niliyopata nikayapeleka kwenye matembele na mlenda. Watoto walikula na ada ikalipwa. Kina dada mnaoanza kilimo cha bustani, msijaze eneo lote chainizi kwa sababu ya bei yake. Tengeni matuta ya vitu vinavyostahimili.

Halafu tandazeni. Pumba za mpunga au majani makavu juu ya tuta, maji ya asubuhi yanafika jioni.

Mgogo wa Ubungo

Mkuu umegusa penyewe. Nyumbani ni Kongwa, mimi niko hapa Ubungo na msimu wa kilimo huwa napeleka hela ya shamba. Baba alikuwa mtu wa mtama na uwele, kaka zangu wanataka mahindi kwa sababu ndiyo ugali tuliouzoea wote siku hizi. Msimu mmoja wakagawana shamba, nusu kwa nusu, udongo uleule.

Mvua ilianza vizuri, mahindi yakapanda mpaka kifuani, yanapendeza. Januari mwishoni ikakata, wakati mbelewele, yale maua ya juu kileleni, ndiyo zinatoka. Huko kwetu ni kawaida mvua kukata katikati ya msimu, lakini ile ilikaa muda mrefu. Mahindi hayakufa, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Yalijikunja majani mchana, usiku yanafunguka, ukiangalia kwa mbali unasema yamepona. Tulipokuja kumenya, gunzi zima lina punje za kuhesabu, zimekaa mojamoja kama meno ya kibogoyo.

Bwana shamba alituelezea: mhindi ukipata kiu pale unapochanua, ndevu zinachelewa kutoka, wakati chavua ya mbelewele haisubiri. Ndevu zikija kutoka, chavua imekwisha. Kila punje ina unywele wake, unywele usipopata chavua punje haipo. Hata mvua ikirudi wiki inayofuata na kumwagika usiku kucha, umeshachelewa.

Mtama wa baba ulifanya nini? Ulisimama. Haukukua, haukuchanua, majani yamejikunja na ule ungaunga mweupe wa nta kwenye shina. Mvua iliporudi ukaendelea ulipoishia. Haukujaza ghala, ila nyumba haikununua nafaka mwaka ule.

Nawasihi ndugu zangu wa Dodoma na Singida mliopo Dar mnaotuma hela za mbegu: ulizeni mbegu gani inanunuliwa. Hela ya mahindi kwenye ardhi ile mara nyingi ni kubahatisha chakula cha wazee wetu.

Mkazi wa Goba

Mgogo wa Ubungo, nashukuru sana ndugu yangu. Hilo la ndevu kuchelewa lingebandikwa kila duka la pembejeo. Wenye mahindi ya vuli huku Kisarawe na Mkuranga linawahusu pia, ukipanda kwa kuchelewa unachanulia kwenye jua la mwezi wa kwanza.

Mzee wa Kigamboni

Vijana, mmezungumza vizuri. Niwaongezee la sisi wa ufukweni. Huku wengi tunamwagilia maji ya kisima, na kisima cha Kigamboni kiangazi kinazidi chumvi, kwa sababu maji matamu ya mvua hayaingii na sisi tunavuta kutwa. Mtu anaona jani la mparachichi linaungua kuanzia kwenye ncha, ukingo unakuwa kahawia, anasema mti una kiu. Anaongeza maji yaleyale. Ndiyo anaumalizia.

Fukua udongo kidogo kwa kidole. Ukiukuta umelowa na jani bado linaungua kingo, hiyo ni chumvi. Parachichi na maharage haviivumilii hata kidogo. Ukoka unaivumilia kiasi, mnazi hauna neno nayo. Mimi maji ya mvua nayakinga kwenye matangi, yale ni ya miti midogo na miche tu. Na ukilazimika kutumia ya kisima, mwaga mengi kwa mara moja yashuke chini na chumvi yake, kuliko kunyunyiza kidogokidogo kila jioni ikabaki juu kwenye mizizi.

Kuhusu minazi: ukavu wake unakuja kukudai mwakani. Saa hizi unaona vidaka vinapukutika chini ya mti, watu wanafagia wanaendelea na shughuli. Kidaka mpaka kiwe nazi kavu ni karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mvua itakuja, mnazi utapendeza, halafu mwakani unapandisha mkwezi anateremka na nazi chache na mwenye shamba anamtilia shaka mkwezi wa watu. Tafadhalini, msiwatuhumu. Kumbukeni kiangazi kilichopita.

Mama Matembele

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mkwezi limetokea kabisa kwa shangazi yangu Mkuranga, waligombana na kijana aliyemkwelea miaka. Nampelekea ujumbe huu leo.

Mmakonde Mbagala

Sisi wa Mtwara na Lindi mtatushangaa, kwetu kiangazi ndicho kinachotulisha. Mkorosho unachanua kuanzia Juni huko, jua likiwa limetulia, na mvua za ovyo wakati wa maua hatuzitaki. Zao linavunwa kuanzia mwezi wa kumi. Mizizi yake inashuka mbali, mkorosho mkubwa hamna anayeumwagilia.

Kibosho Mjini

Kilimanjaro tuna mifongo, ile mifereji ya wazee inayoleta maji kutoka mlimani. Zamu ya maji kiangazi ni jambo zito, mtu anaamka usiku wa manane kwenda kufungulia. Mgomba ukikosa maji jani linakatikia shingoni na mkungu unatoka mwembamba. Kahawa ni tofauti kidogo, yenyewe inataka kiu kwanza halafu mvua, ndipo ichanue yote kwa pamoja, nyeupe. Ukimwagilia ovyo inachanua vipande vipande, na kuvuna ni hivyohivyo.

Mnyamwezi Tabata

Nyie mnaosema mti usio na majani umekufa, nendeni Tabora mwezi wa tisa. Pori la miombo linapukutika lote, halafu kabla mvua hata moja haijanyesha linachipua majani mekundu. Mbuyu nao unakaa mtupu miezi. Hapa Dar mti wa mkungu, siyo mkungu wa ndizi, unageuka mwekundu na kupukutisha, watu wanauhukumu.

Binti wa Sinza

Samahani wakubwa, mimi ni mgeni wa haya mambo. Nina miche ya miti ya kivuli niliyopanda mwezi wa kumi na moja, majani yamedondoka karibu yote. Nimekwangua kama mlivyosema, shina ni kijani. Naumwagilia kikombe kila jioni. Niendelee?

Mkazi wa Goba

Karibu sana dada, na nafurahi umekwangua kwanza. Kikombe acha. Kinalowesha vidole viwili vya juu, mizizi inabaki huko juu na jua la kesho linaikuta. Chimba kisahani kuzunguka mche, upana wa ungo, mwaga ndoo nzima polepole mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi na mapema. Tandaza majani makavu ndani ya kisahani, ila yasiguse shina, maana mchwa wa kiangazi wanapenda mti uliochoka. Mbolea usiweke sasa hivi, subiri uanze kuchipua. Na usiukate matawi yoyote mpaka masika yakolee, ndipo utajua lipi limekufa kweli.

Ukiweza tuambie ni miti gani na uko Sinza upande upi, kama kuna kisima tuangalie na suala la chumvi aliloeleza mzee. Na wa Mbeya, Njombe na Iringa bado hatujawasikia. Wenye vinyungu, karibuni mtuelezee mnavyolima mabondeni wakati huku juu kumekauka.