Mtoto anakariri tu, nimsaidieje afikirie?

MamaWawili: Wadau, mwanangu ana miaka 5, moja hadi ishirini anaimba fresh tu, ila ukimwekea vizibo vya soda 7 ukamwambia agawane sawasawa na mdogo wake anabaki kukutolea macho. Nifanyeje?

Kobe_Mzee: Usimpe jibu dada, mwache agawe mwenyewe, kile kimoja kikibaki muulize sasa hiki tukifanyeje. Wa kwangu alisema tumpe bibi 😂

ShangaziTanga: Vitendawili jamani! Nyumba yangu haina mlango. Akisema yai usiishie hapo, muulize kwa nini sio jiwe, hapo ndo anaanza kujieleza.

Kobe_Mzee: Akikua mfundishe bao, mashimo 32 kete 64, utajuta atakavyokufunga.

MamaWawili: Nimejaribu vizibo, eti cha saba tukikate na kisu 🙈