Ushauri wakuu: Krismasi nakwenda Tukuyu na wageni wawili, siku sita zinatosha kula vyote?

Mgeni_Kwao:
Wakuu habari za jioni. Miaka minne sijafika nyumbani Tukuyu. Mwaka huu nimepata likizo, tarehe 22 natoka Dar na jamaa wawili wa kazini ambao hawajawahi kuvuka Mikumi. Kilichoniponza ni mdomo. Kila mchana tukikaa kwa mama ntilie nawaambia nyie hamli, mnajaza tumbo tu. Hamjala ndizi za kwenye chungu zilizofunikwa na jani la mgomba, hamjala parachichi lililoivia nyumbani, hamjanusa mchele mpya wa Kyela ukiwa jikoni na wewe bado uko barabarani. Sasa wameamini, wamelipa nauli.

Ratiba: 23 kupumzika na ndizi. 24 Kiwira kuona Daraja la Mungu, nyama choma. 25 mbuzi nyumbani. 26 Matema ufukweni Ziwa Nyasa, kuogelea na kula samaki mbasa. 27 sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, kununua vya kubeba. 28 tunageuza. Lakini usiku silali, naona kama kuna kitu nakosea. Nipangieni.

Mchuuzi_wa_Kabwe:
Mkuu, hapo 27 ndipo unapokosea. Viazi vya kubeba chukua Uyole mkiwa njiani, usivipandishe na kuvishusha mara mbili. Na mchele usiuziwe jina. Gunia kuandikwa Kyela hakumaanishi mpunga umeota Kyela, huku mjini watu wanachanganya mchana kweupe. Chota kiganjani, pumulia pumzi ya moto, nusa. Usiponukia hapo hautanukia sufuriani. Ukifika Mbeya nitafute, kwangu hamna mchanganyiko.

Mnyalu_Halisi:
Kamwene! Huko kwenu ndizi tu, shukeni Iringa mle chakula cha watu.
Ila nikupe tahadhari ya kubeba vya nyumbani. Mwaka juzi mwezi wa pili, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umekolea, nikasema niwapelekee washkaji wa Dar. Shangazi akanigemea asubuhi hiyo hiyo, bado mtamu kama togwa. Mimi kwa ushamba wangu nikajaza dumu la lita tano mpaka shingoni, nikakaza mfuniko, nikaliweka kwenye kichanja juu ya siti. Ulanzi haulali, unaendelea kuchacha njia nzima. Tunashuka mlima Kitonga, kona ya tatu, nikasikia mlio kama tairi limepasuka. Dereva akasimamisha gari. Ulanzi ulikuwa unachuruzika juu ya mama mmoja wa Kilokole mwenye kitambaa cheupe, analamba midomo huku anakemea. Nilifika Ruaha Mbuyuni nimekaa kwenye ngazi za mlangoni.

Debe_Tupu:
"Analamba midomo huku anakemea" 😂😂 Huyo alikuwa anathibitisha kwanza ni pepo gani.

Mama_Wawili:
Mwanangu Mgeni, nimesoma ratiba yako mara mbili. Umetaja mbuzi, umetaja samaki, mpaka daraja umelitaja. Mama yako mzazi hujamtaja. Yupo? Hizo ndizi za chungu anapika nani?

Mgeni_Kwao:
Shikamoo mama. Mama yupo, mzima wa afya. Atakayepika ni mama mdogo. Ila naomba tusitoke kwenye mada, shida yangu ni mpangilio wa siku.

Debe_Tupu:
Mama mdogo mdogo wake mama, au mama mdogo wa baba kuvuta jiko la pili?

Mgeni_Kwao:
Sawa, maana naona hamtaniacha. Ni mke wa mzee. Mama aliondoka pale 2019, anaishi kwa mjomba, Ipinda kule Kyela. Lakini jamani mnielewe. Kwa mjomba ni vyumba viwili na watoto watano, wageni nitawalaza wapi? Tukuyu kuna nyumba, kuna umeme, mama mdogo hajawahi kunikosea hata neno. Na hela ya mbuzi nimeshamtumia tangu wiki iliyopita, siwezi kumwambia airudishe. Mama mwenyewe hajui kama nakuja, kwa hiyo hakuna atakayeumia.

Mzee_Igawa:
Vijana wa siku hizi mnaona mama ni mtu wa kutumiwa vocha. Mimi wangu aliniwekea kuku mmoja jogoo, kila nikipiga simu ananiambia jogoo wako anawika. Nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Nilipofika, jogoo alichinjwa kulisha waombolezaji. Sikumla. Endelea na ratiba yako.

Mchuuzi_wa_Kabwe:
Mzee Igawa umeharibu uzi, watu tulikuwa kwenye chakula.

Bin_Kajunjumele:
Ndaga mkuu. Mimi wa Kyela, nikuulize swali dogo la jiografia. Tarehe 26 mnakwenda Matema. Gari la Matema linapita wapi? Si hapo hapo Ipinda, na linasimama kupakia? Utajifunika shuka?

Debe_Tupu:
Avae barakoa. Au awaambie wageni "lala chini, hapa kuna simba".

Bin_Kajunjumele:
Tena ngoja. Nimerudi juu kusoma na sasa nasema wazi: hii ni chai, na haina hata tangawizi. Mtoto wa Tukuyu mwenye mama Ipinda anasema anakwenda kunusa mchele MPYA wa Kyela Desemba? Desemba ndiyo mvua imeshika, watu wako shambani na majembe. Mpunga tunaanza kuvuna mwezi wa tano, wa sita. Huyu hajawahi kufika hata Uyole, anatunga kwenye kochi lake Kimara. Wasimamizi futeni.

Mnyalu_Halisi:
Nami nilishangaa mtu wa Tukuyu kupanga nyama choma ya nje Desemba, na mvua ile. Kumbe nimemwaga stori yangu ya ulanzi bure.

Debe_Tupu:
Chai imeiva, leteni maandazi.

Mama_Wawili:
Tusimhukumu. Mgeni, huo mchele mpya ulikuwa na maana gani?

Mgeni_Kwao:
Situngi. Bin Kajunjumele uko sahihi kwamba mavuno ni mwezi wa sita. Mimi neno "mpya" nimelirudia kama lilivyosemwa. Mama analima jaruba moja la mjomba. Alipovuna alinipigia akasema, mchele wako mpya huu hapa, nimeutia kwenye ndoo ya mfuniko, hakuna kuugusa mpaka uje. Kila akipiga anauita mpya. Mimi nikashika hilo hilo.

Bin_Kajunjumele:
"Mpaka uje." Ulisema hajui kama unakuja.

Mgeni_Kwao:
Mwezi wa sita nilimwambia Krismasi nakuja.

Mama_Wawili:
Halafu?

Mgeni_Kwao:
Halafu Jumapili iliyopita nikamwambia nimenyimwa likizo. Akasema haya baba, kazi ni kazi, Mungu akipenda mwakani. Akaniuliza kama kuna mtu wa huku anayekuja amtume hiyo ndoo. Nikasema hayupo.

Nilishaitafuna ile hela ya mbuzi na mzee akiwa pembeni kwenye simu anashangilia, ningefanyaje.

Mnyalu_Halisi:
Daah.

Bin_Kajunjumele:
Mkuu nimefuta kauli ya chai.

Mchuuzi_wa_Kabwe:
Mimi sisemi kitu, nauza mchele tu.

Debe_Tupu:
Ila hapo "nilishaitafuna" si ulisema umeituma?

Mgeni_Kwao:
Nimekosea kuandika, niliituma. Mikono inatetemeka. Nisaidieni moja tu: tarehe 23 tukishuka Tukuyu jioni, hiace za kwenda Kyela bado zipo? Na kutoka Kyela mpaka Ipinda usiku kuna usafiri gani?

Bin_Kajunjumele:
Hiace jioni utapata, ila siku hizo za sikukuu zinajaa, wahi. Kyela hadi Ipinda usiku ni bodaboda, nitakupa ninayemwamini. Mko watatu na mabegi, au unashuka peke yako?

Mgeni_Kwao:
Kwanza ngoja nimpigie.