Mafundi mnaofunga mpira wa breki kwenye shokapu kama waya wa taa, mtatuua

Wakuu, naleta lalamiko hili nikiwa na hasira, lakini nitalieleza kwa utaratibu ili hata asiyewahi kushika spana aelewe kwa nini nimekasirika. Niliipeleka pikipiki yangu, yenye diski moja mbele na shokapu za kawaida, kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam ili mpira wa breki uliotoka nao kiwandani, yaani ule unaopeleka mafuta ya breki hadi gurudumuni, ambao ulikuwa umeanza kuchanika kwa uzee, ubadilishwe na kuwekwa mpya wa aina ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma. Mpira wenyewe niliununua Kariakoo, urefu wake ni sahihi na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni jinsi ulivyopitishwa na kufungwa.

Fundi aliving'oa vishikio vya kiwandani kwa madai kwamba mpira mpya ni mwembamba na unacheza ndani yake. Ni kweli unacheza, na dawa yake ni kuuvisha kipande cha raba pale unapobanwa. Yeye akaona njia ya mkato: akachukua vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, akakaza kimoja kwenye bomba la juu la shokapu, lile linalong'aa, na kingine kwenye mguu wa chini karibu na kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski.

Anayejua shokapu inavyofanya kazi ameshaliona tatizo. Bomba linalong'aa limeshikwa juu na halishuki, ilhali mguu wa chini, pamoja na gurudumu, kalipa na madigadi, hupanda na kushuka kila tairi linapokutana na shimo au tuta. Kwenye pikipiki nyingi za barabarani mwendo huo ni kama milimita 120 hivi, na kwenye zile za porini hupita 200. Maana yake ni kwamba umbali kati ya vile vifungo viwili haukai mahali pamoja hata kwa dakika moja ya safari. Shokapu inaponyooka, mpira unavutwa hadi uzito wote unaishia kwenye kichwa chake pale kalipani; inapobonyea, mpira unalegea, unatoka tumbo na kuelekea kwenye tairi. Isitoshe, kile kifungo cha juu kinagongwa na sili ya vumbi, ile raba iliyoko mdomoni mwa mguu wa chini, kila mguu unapopanda, kinakusanya mchanga na kulikwaruza bomba. Bomba likishakwaruzika sili hainusuriki, mafuta ya shokapu yanaanza kuvuja, na yakishuka yanaishia kwenye pedi na diski.

Nilipoinama kukagua, ganda la plastiki lililofunika mpira upande wa ndani lilikuwa limekwisha kabisa, nyuzi za chuma ziko wazi, na kwenye ukingo wa madigadi kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na nyuzi hizo. Watu wanadhani chuma kilichosukwa hakidhuriki, kwa hiyo hakina haja ya kulindwa. Ukweli ni kwamba nyuzi hizo zikiachwa zisugue zinakata plastiki, zinakwangua rangi, zinachimba alumini na kutafuna ganda la waya wowote uliopita jirani, ukiwemo waya wa sensa ya gurudumu kwa pikipiki zenye ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapokanyaga breki ghafla. Na pale kwenye kalipa nilikuta unyevunyevu na rangi imeanza kubabuka, jambo ambalo mafuta ya breki ya DOT 4 hulifanya yakivuja. Washa za shaba zilizokaa pande mbili za kichwa cha mpira zilikuwa zilezile za zamani, zimeshabonyea. Hizo hubadilishwa kila bolti inapofunguliwa, na bei yake ni ndogo mno kwa mtu kuzifanyia ubahili.

Nilipomrudia, fundi alinijibu kwamba bodaboda wote wanafungiwa hivyo. Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko kazi yenyewe. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya ngoma mbele, inayovutwa kwa kebo. Hazina mafuta ya kuvuja wala presha ya kupasua kitu. Yangu ina mpira mmoja tu mbele. Ukikatika nikiwa nateremka Kitonga, lori liko mbele na basi liko nyuma, mkono wa breki utafika hadi kwenye usukani bila kushika chochote, na breki ya nyuma peke yake haiwezi kufanya kazi ya breki ya mbele.

Kazi hii ina utaratibu unaojulikana. Kutoka kwenye masta, yaani pampu ya breki iliyoko kwenye usukani, mpira unashuka kwa mkunjo mpana, unapita ndani ya kishikio cha pete pale chini shokapu zinaposhikwa pamoja, pete ambayo inauongoza bila kuubana, kisha unaachiwa nafasi ya kujikunja kabla ya kufungwa imara kwenye mguu wa chini au kwenye madigadi, yaani kwenye kitu kinachotembea pamoja na kalipa. Wakati wa kukaza bolti, kichwa cha mpira kinashikiliwa ili usijipinde. Baada ya hapo gurudumu la mbele linanyanyuliwa hadi shokapu inyooke yote, usukani unazungushwa kushoto na kulia hadi mwisho, halafu shokapu inabonyezwa hadi mwisho na usukani unazungushwa tena, huku jicho likiufuata mpira: usivutwe, usibanwe, usiguse tairi. Kanuni namba 106 ya usalama wa magari ya Marekani inataka mpira wa breki uchezeshwe kwenye mashine kwa saa 35 bila kupasuka. Kukunjwakunjwa umeandaliwa, kuvutwa na kusuguliwa haukuandaliwa.

Na nyinyi wauzaji mnaotoa mipira hii bila vishikio wala raba zake, mnajua fika itakakoishia.

Nimemtumia fundi picha zote na nimedai anirudishie fedha za ufundi, pamoja na gharama ya mpira mwingine, kwa sababu huu ulioliwa siuamini tena. Hadi sasa yuko kimya. Kama kuna mwenzetu anayemfahamu fundi wa Dar anayeupima mpira shokapu ikiwa imenyooka na ikiwa imebonyea kabla ya kukabidhi pikipiki, naomba aseme yuko eneo gani, kwa kuwa yangu haitoki getini mpaka kazi hii irudiwe.